Kamera ya baba mkwe kwenye pori la wote

Leo nimemtolea ulimi baba mkwe wangu.

Subirini kwanza.

Asubuhi nilikwenda kuokota kuni kwenye pori la kijiji, huku Ikolo. Nikakuta kamera imefungwa kwenye mti. Pori ambamo kila mtu anawinda ndezi, leo mtu analichungulia peke yake?

Nikaisogelea, nikaisema weee, nikaitolea ulimi. Kisha nikaigeuza itazame shina la mti.

Jioni mama mkwe kaja anacheka mpaka khanga inamdondoka. Kamera ni ya baba mkwe. Ameinunua Malawi ili amjue anayemwibia ndezi mtegoni.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akipita, mimi najificha. Tangu niolewe hajawahi kuniona uso.

Kwa hiyo picha yangu iliyonaswa na kamera kaiona, ila hakunijua.

Kamwambia mama mkwe, "Pori ni la wote, lakini kamera ina mwenyewe. Mwambie mkamwana wetu, kwa vile yeye ana adabu, amtafute huyo mwanamke amfundishe."

Nimejibu nitamtafuta.

Wakwe wenzangu, nianzie wapi?