Mama Mkwe Mlangoni mwa Ghuba

Mawe ya Nassa si kama mawe ya kwetu Bariadi. Kwetu jiwe hukaa peke yake katikati ya shamba la pamba, na watu hulima kulizunguka. Kule ziwani mawe yamerundikana, makubwa kwa madogo, mengine yamepandana kama magunia ghalani, na kati yake maji yameingia yakafanya ghuba ndogo ndogo, nyingine haizidi upana wa nyumba. Upepo ukivuma, ziwa hurusha maji juu ya miamba. Ukitulia, maji hubaki kwenye mashimo ya mawe, na kila shimo huwa kidimbwi chenye mambo yake: kimoja kina samaki wadogo waitwao furu wanaozungukazunguka bila pa kwenda, kingine kina majani mororo ya kijani, kingine hakina kitu ila mbingu.

Mchumba wangu alizaliwa pale. Alikuwa akifundisha shule ya msingi mjini kwetu, na tangu tulipojuana alinisimulia habari za vidimbwi hivyo. Mimi, mtoto wa nchi kavu nisiyejua hata kuogelea, nilimwahidi kwamba siku moja nitaviona. Siku niliyoviona, hata hivyo, sikwenda kutembea. Nilifukuzwa.

Tulikuwa tumekwenda kupanga mahari. Msafara uliongozwa na baba mkubwa, kaka yake baba, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wenyeji walitulisha wali na samaki, na sufuria zilipoondolewa wazee wakasogeza viti. Nilimvuta baba mkubwa nyuma ya ghala.

"Baba, kuna jambo lazima walijue kabla hamjaanza."

"Wanajua yote. Una digrii."

"Digrii si kazi."

"Kwani nani amesema kazi? Mimi nimesema digrii. Wao wakijazia wenyewe, mimi nifanyeje, niwazibe vichwa?"

"Lakini ng'ombe wanaotajwa ni wa mtu mwenye mshahara."

"Na wewe utaupata huo mshahara. Serikali haiwezi kusomesha mtu ikamwacha." Akanitazama viatu, kisha uso. "Bwana harusi hana mdomo siku kama ya leo. Nenda ziwani kaangalie samaki. Ukirudi kabla hujaitwa, nitasema sikujui, nitauliza huyu ni mtoto wa nani."

Hapo ndipo nilipokuwa nimebanwa, na nieleze vizuri, kwa sababu kila nikilieleza jambo hili hunibana upya. Kabla yetu, aliyemaliza chuo kikuu alipangiwa kazi na serikali hata kabla hajapumzika. Zamu yetu ilipofika, soko lilikuwa limefunguliwa, mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa makazini, na habari ya kupangiwa ikaisha. Nilirudi Bariadi na mtihani mzuri na suruali mbili. Ningewaambia wakwe ukweli, huenda wangeninyima binti. Nisingewaambia, baba yangu angemaliza zizi lake kwa ajili ya mshahara ambao haupo, na mimi ningeoa kwa deni la macho ya watu wote wa nyumbani. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima juu ya lori, nikilipindua upande huu na upande ule, na kila upande ulikuwa na mwiba.

Basi nikashuka ziwani.

Niliifuata njia iliyopita kati ya mawe mawili makubwa. Ilikuwa nyembamba kiasi cha mtu kupita kiubavu, kisha ghafla ikafunguka kwenye ghuba nzuri kuliko nilivyosimuliwa. Maji yalikuwa yametulia, yanaonyesha mchanga wa chini. Mnandi mmoja alikuwa amekaa juu ya mwamba, amefungua mabawa yake yakauke. Katikati ya ghuba palikuwa na jiwe kubwa lenye mgongo mpana, na juu ya mgongo huo niliona vidimbwi vinametameta. Mlangoni mwa njia palikuwa na jiwe bapa. Nilivua viatu, soksi, shati na suruali, nikavikunja vizuri juu yake, nikaingia majini na chupi. Maji hayakufika hata magotini, nikavuka mpaka kwenye jiwe lile kubwa, nikalipanda.

Nilikuwa nimeinama juu ya kidimbwi, nikiwaza kama furu waliomo wanajua kwamba ziwa liko hatua chache tu kutoka hapo, niliposikia bati likigonga jiwe. Nikageuka. Mwanamke alikuwa akitokea kwenye njia nyembamba na beseni la vyombo kichwani. Sikuhitaji kuona uso wake wote. Kitenge kile nilikuwa nimekiona asubuhi, kikipotea haraka nyuma ya nyumba tulipofika.

Alikuwa mama yake mchumba wangu.

Kwetu Wasukuma mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Mkikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hamli pamoja, hamkai chumba kimoja. Hilo ni kwa mtu aliyevaa. Juu ya mtu wa chupi hakuna sheria, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa mpumbavu kiasi hicho. Nililala juu ya jiwe kama kenge, nikateleza upande wa pili, nikajikuta nimesimama majini nyuma yake. Upande huo maji yalinifika kiunoni.

Nikasikiliza. Aliweka beseni chini. Aliketi, na kwa jinsi sauti ilivyotoka nilijua ameketi juu ya jiwe bapa, karibu na nguo zangu. Mchanga ukaanza kukwaruza sufuria.

Nikajiambia ataosha aondoke. Halafu nikajiambia vyombo vya wageni kumi na zaidi haviishi upesi. Halafu nikakumbuka kichocho. Konokono wa kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia, na maji haya yalikuwa yametulia. Nikatamani upepo. Halafu nikakumbuka mamba. Nyuma yangu ghuba ilifunguka kuelekea kilindini, mbele yangu alikuwepo mama mkwe, kushoto na kulia miamba laini isiyopandika. Nilijiona nimewekwa humo makusudi, na sikujua nani wa kumlaumu.

"Mwadila, sufuria," alisema.

Hiyo ndiyo salamu yetu ya mchana. Nilidhani labda ana tabia ya kusema peke yake, na katikati ya hofu zangu nikaongeza hofu kwamba naoa kwenye ukoo wa namna hiyo.

"Nimekusalimia, wewe sufuria. Umesomeshwa mpaka Dar es Salaam, kuitikia hukufundishwa?"

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameona viatu. Ufukwe mzima ule hakuna mtu mwingine ambaye angekuja kwenye mawe na viatu vya kung'arishwa. Na kwa kuwa hawezi kusema na mimi, anasema na chombo. Nilipaswa kujibu, lakini nimjibu nani? Yeye siwezi. Sufuria ilikuwa yake. Nikatazama mbele yangu.

"Mwadila, jiwe," nilisema, nikiwa nimelikumbatia.

"Jiwe hili lina sauti ya mtu anayesikia baridi," akaiambia sufuria, akaendelea kusugua. "Sasa sikia. Wanaume wamekaa huko nyumbani wanataja ng'ombe. Wageni wanasema kijana wao msomi wa chuo kikuu. Mimi niliyemzaa binti sikuitwa kukaa mle, nimeachiwa masizi. Basi nakuuliza wewe, sufuria. Huyo msomi anafanya kazi gani?"

Nilikohoa. "Jiwe, suala la ajira kwa sasa linategemea mambo mengi. Serikali imebadili utaratibu, lakini zipo kampuni zinazoingia, na kuna maombi ambayo hayajajibiwa, ambayo kutojibiwa kwake hakumaanishi kwamba—"

"Sufuria, nimeuliza kazi, nimesomewa taarifa ya habari."

Upepo niliouomba ulikuwa umeanza. Mawimbi ya kwanza yaliingia ghubani kwa upole, yakanigonga mgongoni, na maji yakapanda kutoka kiunoni.

"Hana," nilisema. "Jiwe, hana kazi. Hata ya kuahidiwa hana."

Mchanga uliacha kukwaruza.

"Binti anajua?"

"Anajua tangu mwanzo."

"Na baba yake huyo mtu, anajua anataka kumaliza zizi kwa mshahara wa hewani?"

"Anajua. Wazee wanasema mshahara utakuja."

"Utatoka upande gani?"

"Hawajasema, mayu."

Sufuria iligongwa juu ya mwamba hata mnandi akaruka. "Nani ameitwa mayu hapa? Sufuria, wewe ni mama wa mtu?"

"Jiwe! Nilisema na jiwe. Samahani, jiwe."

Nikasikia sauti fupi kooni mwake. Mpaka leo sijui kama alicheka au alikohoa. Kisha akaanza kusema polepole, kama mtu aliyekuja na maneno yake tayari, na nikakumbuka kwamba siku ya kupanga mahari mama wa binti haoshi vyombo. Vyombo huoshwa na wasichana. Alikuwa amelichukua beseni lile mwenyewe, akanifuata.

"Sufuria, kukosa kazi miaka hii si ajabu. Kaka zake binti wamepunguzwa kiwandani wakarudi, wapo, wanakula. Ninachokataa ni mtu kumchukua mwanangu akakae naye chumba cha kupanga Mwanza, wakisubiri serikali iwakumbuke. Nikimtoa, akae hapahapa, shule za kufundisha zipo hata huku. Huyo mtu naye akae hapa. Alime hapa. Magari ya samaki yanakuja kila siku, wanunuzi wa pamba wapya wanakuja na maneno yao marefu, na sisi wa kupambana nao kwa maneno marefu hatuna. Naona yeye anayo. Ng'ombe nitamwambia mume wangu apunguze, na atanisikia."

"Jiwe, lakini mwanamume kuhamia ukweni—"

"Sijamaliza, sufuria. Kama huyo mtu hataki, sasa hivi najifunika kanga kichwani, nisugue masizi ya huku chini. Njia iko mgongoni kwangu na nguo zake zipo. Barabarani hakosi lori la Bariadi. Apite, sitamwona, wala sitamsema. Binti nitamwambia mimi mwenyewe. Kama anataka, asipite. Abaki alipo."

Nikachungulia. Kweli alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima, amegeukia mwamba, mkono wake tu unaonekana ukienda na kurudi juu ya sufuria. Njia ilikuwa wazi. Sijawahi kuona njia iliyo wazi kama ile.

Niliwaza. Nikipita, namwacha mwanamke ambaye hakunifanya lolote ila kunipenda bila mshahara, na baba mkubwa ataniua. Nisipopita, nitakuwa mtu wa kukaa ukweni, na kwetu mtu huyo huchekwa hata na wachunga mbuzi. Tena nitakaa boma moja na mwanamke huyu nisiyeruhusiwa kukutana naye, nikimkwepa kila asubuhi mpaka mmoja wetu afe. Kwa upande mwingine baba atabaki na ng'ombe. Kwa upande mwingine tena, je, ikitokea kazi mwezi ujao? Nilitaka kuomba muda nikajadiliane na mchumba wangu. Lakini yule mama hakuwa ameuliza swali la kujibiwa kwa mdomo. Jibu alikuwa ameliweka miguuni kwangu, na miguu yangu haikuwa na mazoea ya kuamua. Wimbi likaja, nikasema likipita hili naondoka. Likapita. Nikasema hebu nipime kwanza na upande wa elimu yangu, itakuwaje. Maji yakafika kifuani. Nilikuwa bado sijafika kwenye upande wa mama yangu, atasema nini, nilipomsikia anasuuza.

"Haya, sufuria," alisema. "Tumesikia."

Nilifungua mdomo. Nadhani nilitaka kusema kwamba hujasikia kitu, kwamba nilikuwa katikati. Aliinua beseni, akajipenyeza kiubavu kati ya mawe mawili, na sauti ya vyombo ikapanda kuelekea nyumbani.

Niliitwa jioni, nguo zikiwa zimenigandama mwilini. Baba mkubwa alinishika mabega kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Umewapa dawa gani hawa watu? Tumebishana mchana kutwa, mara mzee akaitwa nje na mkewe, akarudi, akakata ng'ombe karibu nusu! Wanataka kitu kimoja tu."

"Nikae hapa," nilisema.

"Umejuaje?"

Nilikaa. Nina nyumba yangu upande wa mashariki wa boma, mlango wake umegeuzwa ili usitazamane na jiko la mama mkwe. Nikitaka kwenda kisimani nakohoa kwanza, naye akitaka kupita anagonga kitu. Wanunuzi wa pamba nawajibu kwa maneno marefu. Kazi haikutokea mwezi uliofuata, wala mwezi mwingine.

Mke wangu aliwahi kuniuliza mara moja tu habari za siku ile. Tulikuwa tumekaa nje, anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mama anasema alikupa nafasi ukakataa kuondoka. Anakusifu mpaka leo."

"Maji yalikuwa yamejaa," nilisema.

"Yalikufika wapi?"

Nikamwonyesha hapa, kifuani.

Aliangalia mkono wangu pale nilipouweka. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

"Hapo mtu anatembea," alisema.