Mawaridi Kumi na Moja ya Mama Mkwe

Machi 1998, mawaridi kumi na moja ya mama mkwe wangu, kila moja na rangi yake, yalichanua yote meupe.

Siyo kwamba yalipauka. Yaligeuka. Jekundu likawa jeupe, la njano likawa jeupe, la zambarau likawa jeupe, vijiua vidogo vya petali tano tano.

Kitongoji kizima kikasema ni uchawi. Mchawi akatajwa kwa jina, akanyimwa salamu, akaachiwa benchi peke yake kanisani.

Naandika haya kwa sababu mchawi wa kweli nilikuwa mimi, siyo huyo aliyetajwa, na sikuwa na hirizi yoyote. Nilikuwa na mkasi.

Naitwa Mektrida. Nimezaliwa Kibosho, binti wa Mzee Thadeus, na ukitaka kumjua baba yangu uliza mtu yeyote mwenye kahawa. Alikuwa fundi wa kupogoa. Mkahawa umezeeka, hauzai, baba anakata shina lote la zamani, anaacha chipukizi moja nene lililotoka chini kabisa. Baada ya miaka miwili mkahawa umekuwa msichana.

Kazi hiyo alinifundisha mimi, hakuwafundisha kaka zangu. Nililijua hilo na nililiringia.

Januari 1997 nikaolewa Kilema na Kornel, kijana mpole aliyekuwa anafanya kazi kwenye shamba moja la maua upande wa Arusha. Bei ya kahawa ilikuwa inatia aibu, vijana wengi walikuwa wanakimbilia huko. Kornel aliruhusiwa kuchukua miche iliyobaki, na kila likizo alimletea mama yake mche mmoja wa waridi, kila mara wa aina nyingine.

Mama yake, Mama Epifania, aliyapanda mbele ya nyumba, mahali ambapo wenzake wamepanda maharage. Majina ya kizungu yalimshinda, akayabatiza mwenyewe. La zambarau lilikuwa Askofu. Jekundu lililoiva sana lilikuwa Ijumaa Kuu. La njano, Ndizi Mbivu. Kulikuwa na la pinki lililoinamisha kichwa muda wote, hilo aliliita Mgeni Kachoka.

Kila Pasaka altare ilipambwa kwa mawaridi yake, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Hilo la hakuna mtu mwingine ndilo lililokuwa tamu kwake. Jirani yetu Mama Beatha, mjane, rafiki yake tangu komunio ya kwanza, alimwomba kijiti kimoja tu cha kupanda, miaka mitano mfululizo.

"Beatha, haya si magimbi," anamjibu. "Hayagawiwi."

Hata vijiti alivyopunguza alivichoma moto mwenyewe, akasimama pale mpaka viwe majivu.

Oktoba, wifi yangu Victoria akajifungua Dar. Mama akafunga mzigo wa ndizi za mtori, supu ya mzazi, akaenda kumlea mzazi. Asubuhi ya safari alinipitisha kwenye maua moja moja, kama mtu anayekabidhi ofisi.

"Mektrida, maji na samadi. Basi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia, kusema kweli. Shida yangu ni sifa.

Wiki ya tatu nikayaangalia yale mawaridi kwa jicho la binti wa Thadeus. Mashina ya juu magumu, yamechoka, miiba mitupu. Chini kabisa, karibu na udongo, machipukizi mapya, manene, yanatafuta nafasi. Nikasema huyu mama hajui kitu. Akirudi atakuta maua yamekuwa mapya, atanitangaza mpaka Marangu.

Nikachukua mkasi wa kahawa. Nilikata mashina ya zamani yote, nikaacha chipukizi moja moja la chini. Kazi ilipendeza, nikarudi nyuma hatua tatu nikajipongeza kwa sauti.

Matawi nilikuwa niyachome kama alivyokuwa anafanya yeye, lakini mvua ya El Nino ilikuwa imeanza na hata kuni za jikoni zilitoa moshi tu. Nikayatupa kwenye mfereji nyuma ya migomba.

Mvua ile mnaikumbuka. Barabara zilikatika, Mama akakwama Dar mpaka Februari mwishoni. Machipukizi yangu yakapanda mpaka usawa wa dirisha, na mimi nikawa najiona profesa.

Mama akarudi, akayakuta marefu, yamejaa matumba.

"Ruwa wangu, Mungu wangu, mbona yamenenepa hivi," akasema, akanipa kitenge kipya cha Dar. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Siku tisa baadaye yakachanua.

Sitasahau ile asubuhi. Mama alisimama mbele ya Askofu. Akaenda kwa Ndizi Mbivu. Akaenda kwa Ijumaa Kuu. Akarudi kwa Askofu kumhakiki upya.

"Huu ni mkono wa mtu," akasema polepole.

"Mtu gani, Mama?"

"Nani nimemnyima kijiti miaka mitano?"

Jumamosi Kornel akaja nyumbani. Akachuchumaa kwenye shina la kwanza, akafukua udongo kidogo. Halafu akaniita nyuma ya zizi.

"Mke wangu, nani amekata juu?"

"Kwani ikikatwa juu kuna nini?"

Ndipo aliponieleza jambo ambalo angenieleza siku ya harusi. Miche ile ni ya kubebesha. Chini ni shina la waridi pori, gumu, halisumbuliwi na magonjwa. Waridi lenyewe, lile la rangi, ni jicho lililopachikwa juu yake. Chipukizi likitoka chini kabisa ni lile pori linataka kurudi kutawala, na watu wa maua huling'oa wakiliona tu.

Mimi nilikuwa nimekata maua kumi na moja na kulea pori kumi na moja. Kwa samadi.

"Mwambie Mama," nikamwomba.

"Nimwambie mimi?"

"Si mama yako?"

"Na mkasi si wako?"

Jumapili alfajiri alipanda basi la kwanza, hata misa hakuisubiri.

Nikauchuna. Nilikuwa na mwaka mmoja na kidogo katika ile nyumba, mtoto bado, na niliona wazi kwamba Mama akijua, nitarudishwa Kibosho na sanduku langu. Nikakaa kimya, na kila siku ya ukimya wangu ilimwangukia Mama Beatha.

Mama alisimulia dukani. Alisimulia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Alishuka mpaka sokoni Kiboriloni akasimulia na huko. Watu wakaacha kununua maziwa kwa Mama Beatha. Kanisani aliimba peke yake kwenye benchi lake, kwa sauti ile ile.

Cha ajabu, hakujitetea vizuri. Akiulizwa anajibu tu, "Mimi sijaroga mtu," halafu anaondoka haraka. Geti lake, ambalo tangu niolewe sikuwahi kuliona limefungwa, likapata kufuli. Watu wakasema, mnaona?

Lile kufuli ndilo lililonimaliza. Nilijiona nimemfanya mama wa watu ajifungie ndani kwa aibu isiyo yake. Kile kitenge nilishindwa kukivaa.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, jumuiya yetu ya kanisa ikasali kwetu. Mzee Basili, mwenyekiti, alikuwa amepanga kwamba baada ya rozari Mama Beatha aulizwe mbele ya watu wote. Mama Beatha akaja, akakaa karibu na mlango.

Nilikuwa na mpango mmoja tu, na ulikuwa mpango wa mtu mwoga. Kwetu Wachagga, mtu akikujia na jani la isale, yale tuliyopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, akakuomba msamaha, huna ruhusa ya kumkatalia. Kawaida kosa linajulikana kwanza, jani linafuata. Mimi niligeuza.

Rozari ilipoisha nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwekea jani la isale mkononi. Akalipokea. Mkono unapokea wenyewe, umezoea tangu utoto.

"La nini hili?"

"Umeshalipokea, Mama?"

"Nimelipokea. La nini?"

"Maua niliyaharibu mimi. Mama Beatha hajafanya kitu."

Nikaeleza yote, baba, kahawa, chipukizi, pori. Mama Epifania akalitazama jani, akanitazama mimi, akalitazama tena jani. Alikuwa anatafuta pa kutokea na hakupaona.

"Umenitega," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Kabla hajaendelea, Mama Beatha akainuka, akatoka nje. Tukajua amekasirika, anakwenda zake. Akarudi na jani la isale alilolichuma kwenye ua wetu wenyewe, akapiga magoti pembeni yangu, kwa shida, kwa sababu miguu yake ilikuwa mibovu.

"Na wewe una nini?" Mama akauliza.

"Pokea kwanza, Epifania."

Akapokea.

"Huyu mtoto nilimwona siku anakata. Alipoyatupa matawi mferejini, nilingoja aingie ndani nikayabeba yote. Nimeyapanda nyuma ya zizi langu. Yameshika, aina zote kumi na moja."

Kufuli, ndugu zangu. Kufuli lilikuwa la kuficha mawaridi.

Huyu mama aliitwa mchawi wiki tatu, na jina langu analo mdomoni. Angelitaja siku ya kwanza akawa huru. Hakulitaja, kwa sababu angeulizwa alikuwa anatafuta nini mferejini kwetu. Nilikuwa namlilia kama mtakatifu, kumbe ni mkosaji mwenzangu aliyeuchuna. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Mzee Basili akakohoa, akauliza kama kuna mwingine mwenye isale.

Alikuwepo. Mama Epifania ndiye aliyemwita rafiki yake mchawi kuanzia dukani mpaka Kiboriloni. Hakutoka kwenda kuchuma jani jipya. Alichukua lile nililompa mimi, akalikagua kama bado lina nguvu, akamwekea Mama Beatha kiganjani.

"Beatha, nisamehe. Halafu..." Akamfumbia vidole juu ya lile jani. "Halafu naomba kijiti kimoja cha kupanda."

Mama Beatha alikuwa na jibu la miaka mitano, na kila mtu alikuwa analijua.

"Kijiti sitoi," akasema. "Njoo uchukue miche. Ila huyo mkweo asikaribie."

Pasaka ile altare ilipambwa kwa pori langu jeupe, ndoo nne, na wageni kutoka mjini wakalisifia. Mwaka uliofuata rangi zote zilirudi, zikitoka nyumba mbili. Kornel alimweleza Mama kwamba miche ya Mama Beatha imetokana na vijiti, haina pori chini, hata ikipogolewa kama kahawa itarudi rangi ile ile. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mkasi alioninyang'anya sikurudishiwa.

Kurudishwa Kibosho sikurudishwa. Nimezeekea hapa hapa Kilema.

Nilichojifunza si habari ya maua. Kuharibu nilikoharibu kulichukua asubuhi moja, na kungesamehewa asubuhi moja. Zile wiki tatu za kunyamaza ndizo ninazozionea aibu mpaka leo, kwa sababu alizilipa mtu mwingine, peke yake kwenye benchi. Wewe unayesoma na una lako umelikalia, nenda kaliseme leo.