Korido ya Mama Kioo

Majirani walimbandika jina la Mama Kioo tangu wiki ile fundi alipomaliza kumwekea vigae. Vilikuwa vyeupe, vyenye mishipa ya kijivu kama ya mkono wa mtu mzima, vikaanzia sebuleni, vikapita koridoni, mpaka jikoni. Alivichagua peke yake. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watoto walishatawanyika, kila mmoja na maisha yake. Wakipiga simu huuliza hali, hujibiwa salama, basi. Siku ile dukani, alipoiona sura yake ndani ya kigae, alisimama akaitazama. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama yake mzazi. Sura moja zaidi haikuwa mbaya.

"Mama, hivi ni maji na sabuni kidogo tu," fundi alimwambia. "Usivihangaishe."

Aliitikia, lakini fundi alipotokomea alianza ya kwake. Alipiga deki asubuhi, akapiga tena mchana, kisha akachukua nta ya kung'arishia samani akaipaka kwa kitambaa, kigae baada ya kigae, magoti chini. Jirani wa ukuta mmoja alipokuja alikwama mlangoni, viatu mkononi.

"Shoga, humu mtu akitaka kuchana nywele anainama tu!"

"Pita basi, usinichekeshe."

"Nipite nivunjike kiuno? Mimi nina mume wa kumpikia." Akacheka, kisha akakumbuka anasema na mjane, akakikata kicheko. Alisimama kidogo pale mlangoni, akaaga.

Zamani mama yake alikuwa hakosi jikoni. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, anachambua mboga na kuwachambua watu. Akimwona bintiye na kisu humuuliza, "Hiyo nyama unaikata au unaibembeleza?" Mchana ulipita hivyo, maneno na vicheko. Lakini tangu vigae viwekwe, bibi huyo alijifungia chumbani.

"Mama, huji?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Niletee huku huku."

Mama Kioo ni mtu wa kuchunguza, hapitwi na kitu. Aliona sahani inarudi na chakula nusu. Aliona bilauri ya maji inakaa imejaa tangu asubuhi hadi jua linazama. Roho ikawa juu. Alimwita daktari wa zahanati ya mtaani, naye akampima bibi vidole, macho na kifua, akasema, "Huyu mzee ana afya kunishinda mimi."

Kama si ugonjwa, basi ni hasira. Mama Kioo aliamini hivyo. Alijua amekosea kuchagua vigae bila kumuuliza mama rangi, na mama amenuna. Naye akanuna. Akawa anapeleka sahani, anaiweka mezani, anatoka bila neno. Anakula mwenyewe jikoni, akisikiliza kijiko chake. Wanawake wawili ndani ya nyumba moja, na kimya kimekaa katikati yao kama mgeni asiyeaga. Usoni hakuonyesha, ila moyoni aliogopa kitu kimoja tu: kwamba mama yake angeondoka duniani wakiwa hawasemezani.

Asubuhi moja alitoka kwenda kununua unga, akafika njiani akakumbuka kaacha pochi. Alirudi kwa mlango wa nyuma, na kabla ya kuingia akachungulia kupitia nondo za dirisha la jikoni. Kutoka pale korido yote ilionekana.

Mama yake alikuwa chini. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amekaa, gauni kalikusanya mapajani, anajivuta kwa makalio kuelekea bafuni. Anaweka viganja sakafuni, anajisukuma, anatua, anahema, anaanza tena. Alipofika bafuni, penye sakafu ya zamani ya saruji, alishika fremu ya mlango akainuka kwa taabu. Kisha akageuka, akainama huku amejishikilia, akafuta kwa mkono wa gauni alama za viganja vyake kwenye kigae.

Mama Kioo alirudi kinyumenyume. Alienda hadi getini, akalifungua na kulifunga kwa kishindo, akakohoa, akamfokea kuku ambaye hakuwepo. Alipoingia, bibi alikuwa kitandani, shuka hadi kifuani, anatazama dari hana hili wala lile.

"Umesharudi?"

"Nimesahau pochi."

Siku hiyo aliisugua korido kwa maji ya moto na sabuni hadi nta yote ikatoka. Akamwaga maji kidogo, akavua kandambili, akakanyaga. Mguu ulikwenda wenyewe. Hata bila nta vigae vilikuwa vinateleza.

Kesho yake alirudi dukani. Muuzaji alimpeleka moja kwa moja kwenye vile vinavyong'aa.

"Naomba maji," Mama Kioo alisema.

"Ya kunywa, mama?"

"Ya kumwaga." Akavua kiatu.

"Mama, hapa ni dukani, siyo bafuni!"

Lakini alimletea. Mama Kioo alivimwagia vigae kimoja baada ya kingine na kuvikanyaga kwa unyayo mtupu, wateja wanamwangalia, mpaka akafika pembeni kwenye mawe bapa ya kijivu, yaliyokatwa bila kusuguliwa. Unyayo ulishika.

"Hayo watu huweka nje, kwenye maua," muuzaji alisema. "Ndani yanapauka."

"Yapauke."

"Haya. Ila jiwe linakunywa mafuta, lipake dawa ya kuziba vitundu kwanza. Na usilioshe kwa ndimu wala siki, vinalila. Nta ndiyo usiiguse kabisa."

Fundi alishika tama. "Vigae vizima hivi nivunje?"

"Vunja. Koridoni na jikoni. Sebuleni acha."

Nyundo zilipoanza, bibi aliita chumbani, "Kuna nini huko?"

"Vigae vina ufa, Mama."

Kazi ilipoisha na saruji kukauka, Mama Kioo alifungua mlango wa chumba. "Mama, njoo uone."

"Nitaona baadaye."

Hakumvuta mkono. Alikwenda jikoni akawasha jiko, akasubiri huku mgongo ameupa mlango. Muda ukapita. Alishakata tamaa aliposikia miguu: mmoja, kimya, wa pili.

Bibi alisimama mlangoni bila kushika ukuta. "Nani kachagua rangi hii ya majivu?"

"Mimi."

"Vile vingine vilikuwa vizuri."

"Vilikuwa vizuri, Mama."

"Ulikuwa unaimba ukivisugua. Nilikusikia kule chumbani. Tangu msiba hukuwa umeimba." Bibi alitafuta kiti akakaa. "Ningesema nini mimi?"

Mama Kioo hakujua kama alikuwa akiimba. Alijaribu kukumbuka ulikuwa wimbo gani, haukuja. Alisimama na mwiko mkononi, anatazama mawe yale yasiyomrudishia sura.

"Chakula kinaungua," mama yake alisema, na kweli kilikuwa kinaungua.