Losheni ya Fundi Pimamaji

Wapo watu wanaopewa jina la utani wakalinunia maisha yao yote, na wapo wanaolipenda kuliko lile la kuzaliwa. Mwashi wetu alikuwa wa kundi la pili. Aliitwa Pimamaji kila mahali alikojenga, kwa sababu kile kifaa cha jina hilo, chenye kioo na kiputo cha hewa ndani yake, hakikumtoka mkononi. Alipimia kuta, vizingiti na ngazi za watu, na wiki aliyooa alipimia hata kitanda, akakuta kimelala upande wa bibi harusi, akaingiza kipande cha kigae chini ya mguu mmoja. Mkewe hakuchoka kuwasimulia wageni kisa hicho. Pimamaji mwenyewe hakuwahi kuona cha kuchekesha, maana kitanda kweli kilikuwa kimelala.

Alikuwa fundi hasa. Lipu yake ilikuwa nyororo mpaka wapita njia walikuwa wakiipapasa kwa viganja. Ulaini wote aliuacha ukutani, yeye hakubaki nao hata kidogo. Simenti hunyonya maji popote inapoyakuta, na katika mkono wa mtu inayakuta. Viganja vyake vilikauka vikapasuka, na katika zile nyufa mkewe alidai angeweza kuhifadhi sindano zake zote za kushonea. Glavu hakutaka kuzisikia. Mwashi anayevaa glavu, alikuwa akisema, ni sawa na mtu anayekula chakula huku amevaa koti la mvua.

Basi binti yao, mtoto wao wa pekee, akarudi nyumbani na kichanga chake, msichana wa wiki chache, apumzike kwa mama yake mpaka mwisho wa mwezi kabla ya kurudi kwa mumewe, safari ya basi ya kutwa nzima. Kila asubuhi bibi mtu alitandika mkeka sebuleni, karibu na dirisha, akamwogesha mjukuu, akampaka mafuta na kumkanda miguu, na mtoto akajinyoosha kwa raha zake. Pimamaji alikuwa akichelewa kwenda kazini makusudi ili ayaone hayo.

Asubuhi moja alipiga moyo konde, akasema, "Hebu nipeni na mimi."

Wakampa. Alimpokea vizuri tu, lakini kidole kikanasa kwenye uzi wa shali, akakivuta, na ncha ya kidole ikapita shavuni kwa mtoto. Ulibaki mstari mwembamba mwekundu. Kilio kilichofuata kilisikika mpaka barabarani.

"Basi, baba, nipe tu," binti akasema kwa upole, akamchukua mtoto wake.

Ni ule upole uliomuuma. Angefokewa ingekuwa nafuu. Alikumbuka kwamba upole huohuo aliwahi kuupata kwa mkewe, miaka hiyo binti alipokuwa mchanga naye akilia kila alipobebwa na baba yake. Siku zile Pimamaji aliamua kwamba kuna watu wa kubeba watoto na kuna watu wa kujenga nyumba za kuwalaza, akaenda zake kazini. Mtoto akakua, akawa anamsalimia baba yake kutoka mlangoni, na mkono hawakupeana mpaka siku ya harusi yake. Sasa alimtazama mjukuu, akaona mambo yanaelekea kulekule. Mwisho wa mwezi binti na mjukuu wangepanda basi, na yeye angebaki babu wa kwenye picha.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa msusi. Chumba chake cha mbele kilikuwa saluni, na jikoni kwake alipika losheni ya kipande, kitu kinachofanana na sabuni lakini hakina povu: unakishika, joto la mwili linakiyeyusha kidogo, unajipaka, unakirudisha kwenye kikopo chake. Wateja walikipaka kwenye visigino na viwiko. Pimamaji alimfuata mchana mmoja, akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi, akaeleza shida yake.

Msusi alimshika mikono, akaigeuza chini juu.

"Mzee wangu, hapa mtoto hana tatizo," akasema. "Mgonjwa ni huu mkono. Tengeneza mkono kwanza, halafu ndiyo uzungumze habari za kumkanda mtoto. Chukua hivi vipande viwili, ujipake asubuhi na jioni."

"Sitaki vya kupewa. Nifundishe kuvitengeneza."

"Ya nini uhangaike?"

"Nimejengea watu maghorofa, binti yangu. Nitashindwa na kitu cha ukubwa wa kiazi?"

Msusi akacheka, akamfundisha. Nta ya nyuki sehemu moja, siagi ya shea sehemu moja, mafuta ya nazi sehemu moja, kwa mzani, si kwa macho. Unaviweka kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, unakoroga mpaka vyote viwe mafuta, unamimina kwenye kalibu, unaacha vipoe. Manukato usitie, kwa sababu ya mtoto. Pimamaji alisikiliza kwa furaha kubwa. Vipimo, kukoroga, kalibu: kumbe losheni ni zege.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea kombo.

Jumamosi alitwaa jiko la mkewe kama anayetwaa kiwanja. Alipima kwanza meza, akakuta imeinama, akaiwekea kadibodi. Kalibu alikuwa amezitengeneza mwenyewe kwa mbao, zimepigwa randa, kona zake nyoofu kabisa. Ila alipofika kwenye nta alisita. Kwa hesabu zake nta ndiyo simenti ya mchanganyiko huu, na yeye hakuwahi kumbania mtu simenti. Akaongeza konzi ya kwanza, akaongeza na ya pili. Vipande vilitoka vizuri vya kupigiwa picha, vigumu vya kuvunjia nazi. Alijisugua kimoja mkononi mpaka ngozi ikapata moto, hakuna kilichoyeyuka. Mkewe alichukua kimoja akazuilia mlango wa uani usipigwe na upepo, akasema kwa kazi hiyo hajaona losheni bora.

Pimamaji alijikaza kisabuni, akarudi jikoni. Safari hii alifuata kipimo bila ujanja wowote, akamimina, akatoa vipande laini vya rangi ya maziwa. Vingetosha kabisa hivyo vilivyokuwa. Lakini mtu aliyekaa na zege maisha yake yote ana jambo moja hawezi kulisahau hata usingizini: kitu kikitoka kwenye kalibu lazima kimwagiliwe, la sivyo kitapasuka. Msusi hakusema habari ya kumwagilia, naye Pimamaji alidhani ameruka kwa sababu inajulikana. Akavipanga vipande nyuma ya bafu, kivulini, akavifunika kwa gunia lililolowa, akawa anavinyunyizia maji asubuhi na jioni. Alishangaa kuona maji hayaingii, yanateleza tu. Akaongeza maji.

Wiki ilipokwisha alimwita msusi aje aone kazi. Mkewe na binti wakaja pia, binti amempakata mtoto. Pimamaji akafunua gunia kwa madaha.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Gunia lilikuwa limeota ukungu, na losheni, ambayo joto la mchana huilainisha kidogo, ilikuwa imelishika kila uzi. Kila kipande kilikuwa na ndevu.

"Mzee," msusi akauliza taratibu, "hili gunia ni la nini?"

"La kutunza unyevu. Nimemwagilia siku zote, sikuruka hata moja."

"Umemwagilia losheni?"

"Isipasuke."

Msusi akatafuta mahali pa kukaa. Mkewe hakutafuta, alijishikiza kwenye ukuta wa bafu na kuteremka nao mpaka chini, machozi yanamtoka, anajaribu kusema neno na halisemeki. Hata binti, ambaye mbele ya baba yake huwa na adabu zake zote, alificha uso kwenye shali ya mtoto na mabega yakawa yanamtikisika. Pimamaji alisimama na gunia lake. Ilimchukua muda, kisha akacheka na yeye, kwa sauti ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyekuwa ameisikia karibuni.

"Mwaka huu tungoje mvua," mkewe akasema alipopata pumzi, "tupande na sabuni."

Vipande vya mara ya tatu havikumwagiliwa. Vilipoa juu ya meza iliyonyooka, vikawekwa kwenye makopo, na vikafanya ile kazi ambayo vingeifanya tangu mwanzo kama mwenye navyo angekuwa msikivu. Kila jioni Pimamaji alikaa na beseni la maji ya uvuguvugu, akaloweka mikono, akasugua sugu kwa jiwe la kusugulia miguu, akajifuta, akajipaka mpaka kwenye vifundo. Kazini alivaa glavu. Wenzake hawakumwacha hivihivi. Walimwita daktari, wakamuuliza mgonjwa yuko wapi, mmoja akalala juu ya mbao akaomba apasuliwe. Pimamaji alijitia hamnazo akaendelea kupanga matofali, maana mwisho wa mwezi haukuwa mbali, na nyufa zilikuwa zinajifunga polepole kuliko alivyotaka.

Kukanda pia kulihitaji mazoezi, na wa kufanyiwa mazoezi alikuwa mmoja tu. Mkewe alikaa kwenye kigoda, akampa mgongo. Pimamaji akayeyusha losheni viganjani, akaanza: kutoka chini kwenda juu, mkono mpana, kwa nguvu sawasawa, akifika begani anageuza na kushuka.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Nakukanda."

"Unanipiga lipu, mzee. Mimi siyo ukuta. Hebu tafuta panapouma."

"Nitajuaje panapouma?"

"Uliza."

Akauliza. Akaambiwa. Ilikuwa chini ya bega la kulia, upande ambao mama huyu alikuwa amebebea ndoo za maji miaka kabla nyumba haijapata bomba, na Pimamaji akakaa hapo kwa muda mrefu. Mkewe aliacha kutania. Mwishowe akasema mkono sasa haukwaruzi, akasema na afunge mdomo asije akajivuna.

Siku moja kabla ya safari mkeka ulitandikwa kama kawaida. Mifuko ilikuwa imeshafungwa, imepangwa mlangoni, na Pimamaji hakutaka kuiangalia. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikaa chini, akakunja mikono ya shati, akashikilia kipande cha losheni mpaka kikaanza kulainika.

Binti akamlaza mtoto mbele yake. Hakusogea mbali.

Pimamaji alianza na unyayo, ambao wote ulienea chini ya kidole gumba chake. Akapanda kwenye kifundo, kwenye goti lenye mikunjo, polepole. Mtoto alimtazama kwa ukali wa mkaguzi. Akakunja uso, nyumba nzima ikashika pumzi, kisha akamkojolea babu yake shati lote, akapiga miayo, akafumba macho. Pimamaji hakuthubutu hata kujifuta. Aliendelea na mguu wa pili, kisha mikono, kisha kile kitumbo, mpaka mtoto akawa amelala fofofo chini ya viganja vyake. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alishindwa kuificha, na wala hakujaribu.

"Haya, fundi, umepita," mkewe akanong'ona. Akamwinua mjukuu, akampeleka chumbani.

Pimamaji akachukua kitambaa afute mikono. Ndipo binti akasogea kwenye mkeka, akapandisha mkono wa gauni lake, akauweka mkono kwenye goti la baba yake, kiganja juu.

"Na mimi, baba."

"Wewe unaumwa wapi?"

"Siumwi. Na mimi tu."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Mwezi mzima alikuwa akihangaika asimkose mjukuu, na huyu binti yake alikuwa ameketi pembeni siku zote hizo, anampisha mwanawe. Alidhani binti amesahau zile siku za kutobebwa. Watoto si husahau?

Akakichukua tena kile kipande, akakisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alihitaji kuangalia chini. Kisha akaushika mkono wa binti yake. Haukuwa mkono wa mtoto tena, ulikuwa mpana, wa mtu anayefanya kazi. Karibu na kiwiko palikuwa na alama ya kuungua, ndefu, iliyokwisha kufifia.

"Hili kovu la lini?" akauliza. "Huko kwako?"

"Hapa hapa nyumbani. Nilikuwa darasa la nne. Sufuria ya maji ya moto."

Pimamaji alipitisha kidole gumba juu ya kovu, akazunguka, akarudi. Alimkanda mpaka kwenye ncha za vidole, kimoja kimoja, na binti, mama wa mtu, akaegemeza kichwa kwenye bega la baba yake, mahali shati lilipokuwa bado kavu.

"Kumbe mikono yako ina joto," akasema. "Nilikuwa sijui."

Baba yake akaomba ampe na ule mkono wake mwingine.