Kanga Kwenye Mguu wa Shujaa

Juzi nilishuka Ilula nikitokea Mbeya, nikakuta sanamu ya shujaa imevunjwa. Barabara inapanuliwa. Kimebaki kisiki cha saruji na nondo zilizopinda. Nikakaa juu yake, na mizigo yangu miguuni.

Kama uliwahi kupita kule zamani, utamkumbuka. Alikuwa shujaa wa hadithi, yule ambaye bibi alitusimulia habari zake tukipukuchua maharage: alizuia kivuko peke yake, akapigwa rungu, akachomwa mikuki, na adui hakuvuka. Fundi mmoja alimjenga kwa saruji, macho akamtia vitako vya chupa za soda. Pale ndipo mabasi yalipopunguza mwendo, na ndipo mama alipouza nyanya. Harufu ya nyanya zilizopondeka na moshi wa mahindi ya kuchoma, kwangu mimi, ndiyo nyumbani.

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikiwa darasa la sita. Wadogo zangu wawili hawakuwa na chakula kingine ila cha pale. Lakini wauzaji walikuwa na kanuni yao: nafasi ya marehemu ni ya atakayeliuzia hapo basi la kwanza, asubuhi baada ya kuanua matanga.

Alfajiri hiyo nilitua ndoo zangu za nyanya, nikajifunga kiunoni kwa kanga ya mama, nikaikaza kwenye mguu wa shujaa. Muuza vitunguu, aliyekuwa akikaa ubavuni mwa mama, akaja na dada yake.

“Toka, we katoto! Hapa hatuuzi machozi.”

“Shikamoo, mama. Sitoki.”

Alinipiga kofi, kisha akanipiga kwa ndoo. Dada yake akanishika nywele, akanigongesha kichwa kwenye goti la saruji. Nikaona moto. Akarudia, nikatema jino. Nikamng'ata kidole mpaka nikahisi mfupa. Nyanya zilipondwapondwa, sikujua tena ipi ni damu. Wanawake wengine walitazama tu, hakuna aliyeamulia ugomvi. Fundo la kanga lilikaza, na ndoo moja niliibana katikati ya magoti.

Basi la Mbeya likapiga honi. Abiria mmoja akachungulia dirishani.

“We binti, nani kakuumiza hivyo?”

“Nyanya tamu, baba. Chukua ndoo.”

Akachukua. Muuza vitunguu akafuta mikono kwenye kitenge chake.

“Kaacheni,” akasema akihema. “Kameshaota mizizi.”

Mahali pale palitulea. Mdogo wangu mmoja sasa anafundisha Igowole, mwingine yuko machimboni Makongolosi. Muuza vitunguu alishafariki. Nilichota maji msibani kwake. Wauzaji wamehamishiwa vizimba vya bati, kila kimoja na namba yake, na hakuna anayepigana na mtu.

Kijana mwenye koleo alinijia kwa adabu.

“Mama, samahani, sogea kidogo. Greda linapita.”

Nikaokota mizigo yangu, nikasogea.