Mesh ya nyumbani ilivyokata katikati ya posa ya binti yetu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo sina siasa wala mpira. Nina jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Majengo, Mpanda, na nitalieleza lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Watakaocheka wacheke, ila najua kuna mtu litamsaidia kabla hajanunua vile vifaa.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilimaliza form four nikaondoka. Nimekaa Chunya kwenye dhahabu, Tunduma mpakani, Kahama, hadi Kasulu. Kila mji nilikuwa nasema huu ndio wa mwisho.

Nimerudi nikiwa mtu mzima wa arobaini na kitu, nikakuta nyumba ya marehemu mzee imekuwa ndefu kama behewa. Kila mtoto aliyepata hela aliongeza chumba kwa nyuma. Kwa hiyo ule ukuta wa nje wa zamani, wa matofali ya kuchoma, mpana, sasa uko katikati ya nyumba. Juu ni bati tupu.

Mbele nina kiofisi cha kuchapa na kutoa kopi. Intaneti inaingilia hapo. Sebule ya wageni iko nyuma kabisa, na huko signal ilikuwa haifiki. Hata simu yenyewe ukiwa sebuleni inasoma mtandao kwa kubahatisha.

Muuzaji mmoja akaniambia, "Braza, weka mesh. Vifaa vitatu tu vinavyopokezana wifi nyumba nzima, utaangalia mpira mpaka bafuni."

Nikanunua. Vidude vyeupe, vya duara, vizuri kuvitazama. Mke wangu, mama Anita, akaviita mayai ya kanga. Kimoja nikakiweka ofisini, kimoja koridoni, kimoja sebuleni. Wiki ya kwanza nilitembea na simu nyumba nzima kama mtu anayetafuta madini.

Halafu visa vikaanza.

Umekaa sebuleni, kifaa kiko pembeni yako, lakini simu imeng'ang'ania kile cha ofisini. Au signal imejaa kabisa, ukifungua kitu hakifunguki. Unaingia kwenye app yao, inakuambia mtandao wako uko vizuri. Uko vizuri wapi? Umeme ukikatika na kurudi, vinaanza kutafutana upya, na kimoja lazima kipotee. Nilizoea kuzima na kuwasha kama mtu anayemwamsha mlevi.

Nifungue mabano. Zamani ukitaka kumpata mtu Ikola, kule ziwani, ulikuwa unampa barua dereva wa gari la dagaa. Ilifika inanuka dagaa, lakini ilifika. Nafunga mabano.

Sasa nije kwenye posa.

Kaka yangu alifariki akaacha binti, Yustina. Aliyemlea ni dada yetu mkubwa, Veronika, yuko Ikola, anaanika na kuuza dagaa. Binti alihamia kwangu juzi juzi tu alipopata kazi mjini. Akachumbiwa na kijana wa Kisukuma, Masanja, ambaye wazazi wake walihamia Kabungu na ng'ombe zao miaka mingi iliyopita.

Kwetu shangazi ndiye anayejibu. Wanaume tunakaa mbele, tunakohoa, lakini neno la shangazi lisipotoka, wageni wanarudi bila jibu. Na Vero alikuwa ameteleza, mguu uko kwenye plasta.

Nikamwambia tusogeze siku. Akakataa, kijana alikuwa anakaribia kusafiri kikazi. Lakini akaniuliza, "Deo, mtanisikiliza kweli? Au mtamaliza wenyewe halafu mniambie ilikatika?"

Nikamjibu, "Dada, nina mesh." Kwa majivuno kabisa.

Mjue kwamba dada ana kidonda. Mambo mengi ya ukoo yamepita yeye akiwa ziwani, anapata habari tu kwamba yamekwisha. Hili la Yustina alisema halipiti.

Siku ikafika. Nilijaribu video call asubuhi, safi. Nikaunganisha na TV ya sebuleni, uso wa dada ukajaa ukutani. Wageni wakaingia: mzee Luhende ambaye ndiye mshenga, baba wa kijana, kina mama wawili, na Masanja mwenyewe akiwa kwenye suti iliyombana. Mzee Luhende akamsalimia dada kwenye TV kwa kuinama kabisa.

Dada akauliza maswali yake. Kijana anaishi wapi, anakunywa kiasi gani, mama yake ni mkali au mpole. Watu wakacheka. Mambo yanakwenda.

Mzee Luhende akakohoa, akasema, "Sasa tuje kwenye ng'ombe."

Dada akafungua mdomo, akaganda. Mdomo wazi hivyo hivyo, jicho moja limefumba. Halafu giza.

Nikazima kifaa cha sebuleni, nikakiwasha. Signal imejaa. App inasema vizuri. Hakuna kitu. Nikatoka mbio koridoni, nikakuta yai la katikati limelala kwenye meza, limechomolewa. Kwenye soketi kuna chaja, na simu ya mzee Luhende inachaji taratibu.

Mama Anita akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Nani kachomoa hiki?"

"Mimi. Mgeni katoka Kabungu, kaomba chaji. Nimwambie nini? Kwamba kuna yai linakula umeme?"

"Sasa shangazi kakatika!"

"Kakatikaje na kile cha sebuleni kinawaka?"

Ndiyo wakuu, kinawaka. Cha tatu kilikuwa kinapokea kwa cha pili, kwa sababu ya ule ukuta. Nilikuwa najua, sikumwambia mtu yeyote ndani ya nyumba. Nikakirudisha, kikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

Nikakimbilia uani kumpigia dada kwa simu ya kawaida. Hakupokea. Nikarudia, akakata. Mara ya tatu akapokea mwenyewe.

"Mmefika kwenye ng'ombe mkanizima."

"Dada, ni mtandao..."

"Uliniambia una mesh. Endeleeni. Ila mkimtoa huyo mtoto bila mimi, msinitafute hata kwenye msiba wangu."

Akakata.

Nilirudi sebuleni. Nikawaeleza wageni ukweli wote, pamoja na chaja. Mzee Luhende akatazama chini. Kisha akasema, "Hapa ndani ndipo pabaya, nje mtandao upo?"

"Nje upo, mzee. Ila nje majirani watasikia."

"Wasikie. Sisi wafugaji, nje ndiko nyumbani. Bebeni viti."

Posa ya watu ikahamia uani, kati ya tenki la maji na kamba ya nguo. Yustina akampigia shangazi yake kwa bando, kwa simu yake. Akalia kwanza, kisha akasema, "Mama, sijibu mtu mpaka wewe uongee. Na wamekubali."

Dada akasema, "Washa video. Zungusha simu niwaone."

Binti akazungusha. Wageni, mimi, mama Anita na mwiko wake. Simu ikafika kwenye ukuta wa ua, ambako vichwa vya majirani vilikuwa vimejipanga.

"Na hao nani?"

"Majirani, mama."

"Wanasikia?"

Jirani mmoja akajibu kutoka ukutani, "Tunasikia vizuri, shangazi!"

Dada akacheka. Akasema, "Basi hao ndio mashahidi wangu. Mzee Luhende, turudi kwenye ng'ombe. Nilikuwa nasema ni wachache."

Walibishana hapo mpaka chakula kikapoa, na aliposema ndiyo, vigelegele vilianzia kwa majirani.

Nilichojifunza ni hiki. Mesh si uongo, lakini nyumba ya kuungaunga yenye kuta nene na bati itakusumbua vifaa vikitegemeana hewani. Baadaye nimevuta waya toka ofisini hadi sebuleni, visa vimepungua sana. Na waeleze wa nyumbani kila kifaa kinafanya nini. Mimi nilijua peke yangu, na karibu nipoteze dada.

Kwa wenye uzoefu: mmewezaje kwenye nyumba kama hizi? Toeni maoni, ila msiniambie niongeze kifaa kingine. Dada amepona mguu, na ameshasema vikao vyote vya ukoo kuanzia sasa ni Ikola, kwake, na sisi ndio tutakaosafiri.