Mboga Mbele ya Nyumba ya Karani

Uhuru ulipofika Rumonge, mzungu niliyekuwa namtunzia bustani alifunga masanduku akaenda zake. Nyumba akapewa karani mkubwa, Mrundi mwenzetu, mtu wa tai na viatu vinavyolia. Mimi nilirithiwa pamoja na ndoo. Shule niliishia mwaka wa nne, kwa hiyo siasa siifahamu vizuri, lakini katika daftari langu la siku zile nakuta nimeandika: "Bendera imebadilika. Maua iko yale yale."

Maua yenyewe yalikuwa mekundu, majani mapana kama ya mgomba. Yalikunywa maji kama harusi na hayakumpa mtu hata kikohozi. Nikamwambia mke wa karani, mama wa watoto saba, "Mama, kwa nini tusinyweshe kitu cha kuliwa?" Akakubali kabla sijamaliza. Nikayang'oa yote nikawagawia majirani, wakayapanda milangoni mwao ili nao waonekane wakubwa. Kwa karani nikapanda mchicha wetu wa lengalenga kwa mviringo, nyanya kando ya ngazi, mihogo ya majani ya sombe kuzunguka uzio, na katika kila shimo nikazika matumbo ya samaki kutoka ufukweni. Majuma mawili ya kwanza tulinuka wote, mpaka karani. Baadaye palipendeza. Labda ni kazi ya matumbo, si yangu.

Nilisahau jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua: mboga ikionekana huombwa, na mwenye nayo hanyimi.

Jirani yetu muuza mawese alitangulia. "Amahoro, mama. Nilikuwa napita tu, macho yangu ikaangukia huku." Akaondoka na fungu. Kesho yake wakaja watatu, kesho kutwa wakaja na vikapu. Wakawa wanakaa ngazini, wanachambua sombe na waume zao humo humo. Siku moja karani alirudi na mgeni wake kutoka Usumbura, akamkuta muuza mawese kanyoosha miguu mlangoni.

"Baba karani, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Mgeni alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza.

"Yule muzungu alikaa hapa miaka mingi," karani aliniambia jioni. "Ulishaona mutu anakuja kumuomba ua?"

"Hapana, shefu."

"Njo maana aliyapanda. Siku ya Mungu nataka maua yangu. Kama haiko, utafute kazi kwingine."

Sitamsingizia: alisema kweli. Nilidhani yale ni mapambo, kumbe yalikuwa mlinzi wa zamu mlangoni. Na mke wangu alikuwa na mimba, kazi nyingine sikuwa nayo.

Nikaenda kwa majirani kuyaomba maua. Muuza mawese alinisikiliza mikono kiunoni.

"Mboga inaombwa. Ua linaombwa wapi, weye?"

"Mama, nitafukuzwa."

"Na mulango yangu ibaki kama kichwa cha mwenye mapunye?" Akafikiri. "Haya, chukua. Lakini palepale unipandie lengalenga, na uje kumwagilia mpaka ishike."

Nyumba ya pili wakaniambia vilevile, na ya tatu. Mpaka Jumamosi nilikuwa nimepita milango kumi na mmoja: nang'oa ua, napanda mboga ya karani. Nyanya hazikupenda kuhama. Nusu zilikufa, na sikuficha.

Jumapili maua yalisimama mbele ya karani, yamelegea kama watu wa matanga. Akayazunguka. "Sawa," akasema. Kazi ikabaki yangu.

Shida ni kwamba milango kumi na mmoja ilikuwa inaningoja na ndoo. Kwa karani nikawa nafika jua limepanda, miguu ina tope la watu. Nilivumilia mwezi mmoja, nikamwendea mwenyewe.

"Shefu, ninaacha."

"Unaenda kufanya nini?"

"Kumwagilia."

"Wanakulipa?"

"Mawese. Samaki ndagala. Juzi kuku."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi juu ya paa. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akanilipa mwezi mzima na kuniandikia barua ya Kifaransa. Nilimpelekea fundi cherehani aliyesoma kunizidi, akanisomea kwa Kiswahili: "Anajua kupanda. Msimwachie mbele ya nyumba."

Baadaye, kila nilipokwenda kuomba kazi niliionyesha barua hiyo, na kwa wasiojua Kifaransa nilitafsiri mimi mwenyewe, sentensi zote mbili.